Chachu ya Mwisho ya Mlima Vumbaro

Sogeeni karibu. Na yule ambaye nyumbani kwake kila siku anajifanya hakimu, leo akae mbele kabisa nimwone macho. Hadithi hii sikuileta ili mcheke wala mpige makofi. Nimeileta kwa sababu imenishinda, na nataka mnisaidie kuibeba.

Kulikuwa na ndugu watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, watoto wa Mzee Mgonja wa Mlima Vumbaro, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza, Nanzia, alikuwa na pua. Msinitazame hivyo, najua na ninyi mnazo, lakini zenu kazi yake ni kujua kwamba wali umeungua. Nanzia aliokota donge la udongo, akalivunja karibu na pua yake, akakwambia kama shamba lile litazaa au litazila mbegu zako bure. Udongo mzima, alisema, unanukia uyoga na mvua ya jana. Udongo mgonjwa unanuka chuma. Wanawake wa Vumbaro walimwita mashambani kwao kabla ya kupanda, na hakuwahi kuwadanganya.

Wa pili, Kirita, alikuwa na kiganja. Alizamisha mkono ardhini mpaka kifundoni, akafumba macho, akajua kama ardhi ile ina joto kuliko juzi, kama chini kuna maji, kama imeshikamana au imeanza kuachia. Matuta mengi ya mlima ule yeye ndiye aliyeonyesha yachimbwe wapi. Nyumba yake mwenyewe, aliyoishi na mkewe Namsifu na watoto wao wadogo, aliijenga baada ya kugusagusa ardhi wiki nzima, mpaka mkewe akamuuliza kama anaposa kiwanja au anajenga.

Wa tatu, Nambike, alikuwa na macho. Macho yake hayakuona mbali, yalikaa. Tangu utotoni angeweza kuchuchumaa asubuhi nzima akiangalia siafu wakihama, asisikie anapoitwa kula. Akaenda shule, akaenda chuo, akasomea udongo, na akapata hadubini, kile chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana. Alipokuja likizo aliweka tone la matope chini ya kioo, akaangalia, na akasahau tena kula.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana asiyeelewa desturi ya watu hawa hataweza kuhukumu.

Pale Vumbaro kijana akioa, au binti aliyefiwa na mume akirudi nyumbani, hapewi jembe kwanza. Anapewa chachu. Wazee wa ukoo wanapanda katika msitu wao wa Ikonde, chini ya mikulo, ile miti mirefu yenye gome linalonukia, wanachota kikapu kimoja cha udongo mweusi wa juu, wenye majani yaliyooza na nyuzi nyeupe nyembamba ndani yake. Siku hiyo hiyo baragumu la msaragambo linalia, na kila mwenye nguvu anakuja na jembe kwa kazi ya pamoja. Tuta linachimbwa, udongo wa msituni unachanganywa na udongo wa pale, unafunikwa majani ya migomba. Shamba limezaliwa.

Kikapu hicho hakigawanywi. Watu wa zamani walishajaribu, nusu huku na nusu kule, na nusu zote mbili zikakauka na kufa kabla ya mvua. Na tuta lililopewa chachu haliguswi kwa miaka. Huwezi kuchota kwake na kumpelekea mwingine mpaka miti iliyopandwa pembeni yake iweze kumpa mtu mzima kivuli. Haya ni mambo mawili, yashikeni, kwa sababu najua mtakakotaka kukimbilia baadaye.

Kisha joto likapanda mlimani.

Halikuja kwa kishindo. Ukungu, ambao zamani ulilala mpaka watu wamemaliza chai, ukaanza kuondoka alfajiri. Masweta yakabaki kwenye misumari. Mbu, ambao wazee waliwajua kwa kusimuliwa na jamaa wa tambarare, wakahamia vyumbani. Watu wakanung'unika kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu mashamba yalikuwa yanawachekea.

Mazao yalikubali ajabu. Mahindi yakakomaa kule juu ambako hayakuwahi kukomaa. Migomba ikazaa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Msituni majani yaliyoanguka yalioza haraka hata usiyaone, na mikulo ikachipua majani mapya yenye kung'aa. Wazee wakasema mlima umebarikiwa. Mzee Mgonja, aliyekuwa msemaji wa ukoo, akatoa ruhusa isiyowahi kutolewa na baba yake wala babu yake: kila kaya ichote chachu tena, iongeze kwenye mashamba ya zamani, kila msimu, ili neema isipotee. Kirita alikuwa na nguvu, akawa kiongozi wa wachotaji. Wakaenda wakiimba na kurudi wakiimba, na sakafu ya msitu wa Ikonde ikabaki na makovu.

Nanzia alijua. Asubuhi moja alivunja donge la udongo shambani kwake na harufu ikawa nyembamba, imepungua kitu. Alirudia mara ya pili, kisha akalitupa lile donge, akapangusa mikono. Alikuwa amefiwa na mume, mtoto wake wa pekee alimzika kwenye shamba lile lile, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe yule mtoto, migomba ilikuwa imestawi. Hakutaka kusikia pua yake inasema nini, akanyamaza.

Nambike pia alijua, nami simfichi mtu. Kule chuoni alikuwa amesoma kuhusu misitu mingine iliyopata joto, na alikumbuka msitu wa kwao. Alijiambia kwamba atakwenda nyumbani kuangalia. Kazi ikamshika, mwaka ukaisha, mwingine ukaisha.

Neema ikakatika. Haikupungua taratibu, ilikatika. Msimu mmoja mahindi yalitoka ya njano, yakasimama magotini, yakafa yamesimama. Migomba ikatoa mikungu ya vidole. Watu wakachota chachu zaidi na haikusaidia. Udongo ulipauka, ukawa mgumu juu na unga chini. Mvua ilipokuja haikuingia, ilitelemka na kubeba unga ule mpaka mtoni, na mlima ukaanza kumeguka vipande. Msituni miche ya mikulo ilichipua, ikapata rangi ya njano, ikafa, na iliyofuata ikafa pia. Chemchemi ya ukoo ikawa inatoa maji kama mtu anayehesabu matone. Kaya zikaanza kushuka. Kushuka ni neno zito Vumbaro. Maana yake ni kwenda tambarare kulima shamba la mtu mwingine na kulala kwenye chumba cha jamaa asiyekutaka, na aliyeshuka hakuwahi kurudi.

Hapo ndipo Nambike alipokuja na hadubini yake. Alipima udongo wa mashamba yote ya ukoo, kisha wa msituni, kisha akaketi uani mbele ya baba yake.

"Baba, kuna vijidudu udongoni," alisema. "Katika kiganja kimoja ni vingi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa mlima huu. Ndivyo vinavyokula majani yaliyoanguka na kuipa miti chakula. Na zile nyuzi nyeupe unazozijua ni kuvu. Zinashikana na mizizi, zinaipa maji, na zinafunga udongo usimeguke."

"Hayo ndiyo chachu," alisema mzee.

"Ndiyo hayo. Sasa joto lilipopanda, vijidudu vilipata njaa. Vikala haraka, vikapumua haraka, vikatoa chakula kingi kwa mara moja. Mazao mazuri ya miaka ile yalitoka huko. Lakini vilikuwa vinakula akiba, Baba. Akiba iliyowekwa na msitu tangu kabla ya babu wa babu yako. Imekwisha, na sasa vinakufa."

Mzee Mgonja, mtu wa sauti kubwa, alisema kwa sauti ya chini. 

"Kwa hiyo ile neema ilikuwa ugonjwa."

"Ilikuwa ndio mwanzo wake."

"Na mimi nikawaambia wachote zaidi."

Nambike alitamani kumdanganya. Alimpenda baba yake. "Ndiyo, Baba," alisema.

Kesho yake mzee aliita ukoo na kutamka neno ambalo baadaye lilimchoma. Alisema hivi: "Shamba langu, nyumba yangu na haki ya chachu ya ukoo nampa yule atakayeurudisha uhai wa udongo wa Vumbaro. Huyo atabaki mlimani na watu wake. Sisi wengine tutashuka, na mimi nitatangulia." Kauli ya msemaji wa ukoo ikishatamkwa mbele ya watu hairudishwi mdomoni, naye alilijua hilo wakati anaitamka.

Wakaanza kutafuta. Nambike alisema kama kuna udongo hai uliobaki, utakuwa mahali ambapo joto halijafika. Mahali penyewe hakupajua, na hadubini haitafuti, inaangalia tu kile ulicholetewa.

Aliyepapata ni Kirita. Alizunguka msitu mzima wa Ikonde kwa magoti, akizamisha mkono, akitoa, akisogea. Kila mahali ardhi ilikuwa na uvuguvugu wa maji ya kuogea mtoto. Mikono ikachubuka, kucha zikang'oka, akazifunga vitambaa na kuendelea, kwa sababu alikumbuka nani aliyeongoza nyimbo za wachotaji. Mwisho akafika kwenye kingo za Korongo la Mruka, ufa mwembamba ambao jua linauchungulia kidogo tu adhuhuri. Alilala kifudifudi, akashusha mkono kwenye ukuta wa korongo mpaka begani. Kilichogusa vidole vyake kilikuwa baridi, ile baridi ya mlima ya zamani. Alilia pale pale, mtu mzima, na alipofika nyumbani hakuona haya kusema kwamba alilia. Lakini kiganja chake kilimwambia na neno la pili, nalo alimweleza dada yake Nanzia bila kuficha.

"Dada, ukuta wa juu wa korongo umeachia. Hakuna kinachoushika. Mvua ya kwanza itaushusha wote na kuufunika ule udongo."

"Na tukienda leo?"

"Labda."

"Labda nini, Kirita?"

"Labda tu, Dada. Zaidi ya hapo sijui."

Aliyeuchagua ni Nanzia, aliyeshuka naye korongoni. Chini ya korongo udongo wote ulikuwa mweusi na wote ulikuwa baridi, na sehemu kubwa ilikuwa imekufa, imeletwa na maji kutoka juu. Kwa macho hukuweza kutenganisha. Kikapu kilikuwa kimoja na nafasi ilikuwa moja. Wangebeba udongo mfu wangekuwa wamebeba kaburi. Kirita alichimba hapa akampa konzi ya udongo, Nanzia akanusa, akatikisa kichwa. Akachimba pale, akatikisa kichwa. Changarawe zilikuwa zinadondoka kutoka juu, chache, kisha nyingi. Mtu mwingine angesema huu huu unatosha, twende. Nanzia aliogopa, na hata hivyo hakudanganya. Wakafika chini ya mzizi mmoja mnene wa mkulo, akanusa, akafumba macho. Uyoga na mvua ya jana. "Huu," alisema. Kirita akajaza kikapu kwa mikono.

"Tangulia," alimwambia.

Nanzia alipanda na kikapu kichwani, kisha pale penye jiwe lililobana njia akakishusha na kukikumbatia ili apite. Kirita alikuwa nyuma yake, anamsukuma mgongoni. Ukuta ukatoa sauti, ukaanza kushuka. Alimsukuma dada yake kwa nguvu mara ya mwisho, dada akafika ukingoni, naye mwenyewe udongo ukamfika kiunoni, ukamvuta. Alinyoosha mkono. Nanzia alikuwa na kikapu mikononi.

"Shika kikapu!" Kirita alipiga kelele. "Usikiachie!"

Nanzia hakukiachia. Ukuta wote ukashuka, na Korongo la Mruka likajaa. Watu walichimba mpaka mikono ikashindwa, hawakumpata, na hawajampata mpaka leo.

Aliyeuweka hai ni Nambike. Msidhani kazi ilikuwa imekwisha. Udongo ule ulitoka baridini ukaingia kwenye kiangazi kikali kuliko vyote wanavyovikumbuka, na kuupanda wakati ule ilikuwa kuuchoma. Ilibidi ungoje mvua. Nambike aliuweka kwenye chungu kikubwa, akakitia ndani ya shimo la zamani la kuhifadhia viazi ghalani, akalizungushia mawe na kulifunika majani mabichi. Akapanda mche wa mkulo ndani ya chungu, ili zile nyuzi ziwe na mzizi wa kushika. Asubuhi na jioni alichukua chembe, akaiweka chini ya hadubini na kuangalia nani yu hai na nani amekufa. Vikizidi kula, alipunguza majani. Vikilala, aliongeza. Maji yalikuwa ya kugawana kwa kikombe, na kikombe chake aliumwagia udongo. Midomo ikampasuka, homa ikampata, akaendelea kutambaa mpaka shimoni. Waajiri wake mjini walimwita, hakwenda, wakampa nafasi yake mtu mwingine.

Na kuna jambo ambalo Namsifu, mjane wa Kirita, hakumsamehe. Siku ya matanga ya kaka yake, Nambike hakuketi na wenzake. Joto la siku ile lilikuwa baya, na vijidudu vilikuwa vinakufa mbele ya macho yake. Wanawake walilia uani huku yeye amejifungia ghalani na chungu. Namsifu alimfuata mlangoni.

"Wifi, ndugu yako analiliwa nje."

"Nasikia."

"Na wewe unamlilia nani humo ndani?"

 Nambike alikuwa anahesabu kwa macho, na machozi yalikuwa yanamwagikia kwenye kioo cha hadubini, anakipangusa na kuanza upya.

Mvua ikaja. Chungu kikatolewa shimoni, mche wa mkulo una majani ya kijani iliyokolea, udongo mweusi, nyuzi nyeupe zimejaa mpaka ukingoni. Nanzia alinusa akapiga magoti. Ilikuwa chachu kamili, kikapu kimoja, na katika mlima wote hapakuwa na kingine.

Baragumu la msaragambo likalia. Watu waliobaki wakaja na majembe, asubuhi na mapema, kabla jua halijashika. Chungu kikawekwa katikati ya uwanja. Mzee Mgonja akasimama atekeleze neno lake, akawatazama wanawake watatu waliokuwa mbele yake, akawaambia kila mmoja aseme haki yake kwanza.

Namsifu alizungumza kwanza, watoto wake wamemshika kanga.

"Baba, ulisema mwenye kuurudisha uhai. Mume wangu ndiye aliyejua ulipo. Bila mkono wake, pua ya huyu ingenusa hewa na kioo cha yule kingeangalia vumbi. Na yeye hakurudi. Hawa wawili wametoa jasho, yeye ametoa roho. Kama aliyekufa hana fungu, niambie watoto hawa nikawaambie baba yao alifia nini."

"Alikwenda kwa hiari," alisema mtu mmoja nyuma.

"Na ndiye aliyeongoza kuuchota msitu mpaka ukaisha," alisema mwingine.

"Kwa amri ya nani?" Namsifu aliuliza, na aliyesema akainamisha kichwa.

Kisha Nanzia.

"Mimi sitasema mengi. Korongoni udongo mfu ulikuwa mwingi kuliko ulio hai, nami ndiye niliyesema huu. Nilikuwa na kikapu mikononi na ndugu yangu ananyoosha mkono. Nimetii neno lake. Kila siku nauona mkono ule. Mnajua nilipomzika mwanangu. Nikishuka, nani atapalilia pale? Sina mume, sina mtoto wa kunipokea tambarare. Nipeni tuta langu lifufuke, nife hapo nilipo."

"Ungekiachia kikapu, wifi," Namsifu alisema kwa sauti ndogo. "Ungemshika mkono."

"Ningekiachia, leo tungekuwa tumekusanyika hapa kwa ajili gani?"

"Nami ningekuwa na mume."



Mwisho Nambike. Alikuwa amekonda, anajishika kwenye fimbo.

"Baba, uhai huu ningekwisha kuuzika kama ningelala siku moja tu. Haki yangu naijua. Lakini simwombei mtu shamba. Naomba chachu irudi msituni, chini ya mikulo, kwenye ule upande wa kivuli. Mkiipanda kwenye tuta, tuta litazaa, kaya moja itakula, na msitu utakufa wote. Msitu ukifa, chemchemi inakufa, na tuta lenyewe litawafuata. Ikirudi msituni, huenda baada ya miaka mingi kukawa na chachu ya watu wengine."

"Na miaka hiyo yote watu watakula nini?" mzee aliuliza.

"Hakuna atakayekula kutoka kwayo. Watashuka wote."

"Na wewe?"

Nambike alikitazama chungu. "Lazima abaki mtu wa kuilinda. Anayejua kuiangalia ni mimi."

Uwanja ukalipuka. "Kumbe!" mtu alipiga kelele. "Anaupigania msitu ili abaki peke yake!" Mwingine akasema, "Na alipojua miaka ile, kwa nini hakuja kutuambia?"  Nambike hakukana hilo la pili, kwa sababu lilikuwa kweli.

Watu wakagawanyika, majembe begani. Wengine walitazama njia ya kwa Namsifu, wengine ya kwa Nanzia, wengine wachache ile inayopanda Ikonde. Wakabishana. Hoja za kila upande zilikuwa nzito, na kila aliyejibu alijibiwa. Jua likatoka nyuma ya kilele, likashika mabati ya nyumba, likashika migongo ya watu, likafika kwenye ukingo wa chungu. Mtu alitoa kanga kukifunika, lakini hewa yenyewe ilikuwa moto.

Nanzia alipiga magoti kando ya chungu, akanusa, akainua kichwa.

"Baba," alisema, "harufu inapungua."

Mzee Mgonja alichukua jembe, akalishusha, akaniuliza mimi, niliyekuwa pale na jembe langu kama wengine, tuchimbe wapi. Sasa nakugeukieni ninyi. Msiniambie wagawane, kikapu hakigawanywi, nilishawaambia. Msiniambie wangoje, mnasikia Nanzia amesema nini. Yuko aliyeupata na akafa, watoto wake wamesimama pale. Yuko aliyeuchagua na hakuushika mkono wa ndugu yake. Yuko aliyeuweka hai na hataki kulisha mtu yeyote aliyepo uwanjani. Angekosekana mmoja wao, chungu kingekuwa kitupu. Chachu ni moja, anayebaki ni mmoja, na wengine wote wanafungasha leo.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema sasa hivi, tujue tunachimba wapi, maana udongo unapata joto tukiwa tunazungumza.